Tafakari ya Juma: Ugua Pole



Wapendwa wasomaji wetu, juma hili tunawaletea jambo ambalo wengi wenu hamkulitarajia kutoka nyumba ya mapadre, nasi wenyewe tumelizungusha kichwani kwa muda mrefu kabla ya kuliandika. Linahusu nyimbo za zamani, zile tunazoziita zilipendwa, pamoja na vichekesho vya miaka iliyopita, ambavyo siku hizi mtu aweza kuvipata katika simu akiwa ameketi sebuleni kwake. Tulivipenda, tungali tunavipenda, na vilitugharimu. Mtuvumilie basi tukianza mbali.

Wanaoifahamu Mgololo wanajua kwamba jioni zake ni ndefu. Watu wa zamu ya mchana wakisharudi kutoka kiwanda cha karatasi, malori ya magogo yakishapungua barabarani, na reli ya TAZARA ikiwa imelala kimya, mji wetu huingia katika ukimya ambao mgeni kutoka Dar es Salaam huuogopa. Mwezi Juni na Julai ukungu hutanda, na kila mwenye akili huliwahi jiko. Ilikuwa katika jioni ya namna hiyo, baada ya Masifu na chakula, paroko msaidizi wetu, kijana aliyezaliwa katika miaka ya 1990, alipoiegemeza simu yake kwenye chupa ya chai na kutuuliza kama tunamfahamu mtu anayeitwa Mbaraka Mwinshehe. Tulicheka sana. Ni sawa na kumwuliza Mhehe kama amepata kusikia habari za Mkwawa.

Wimbo aliotupigia ulikuwa "Shida". Gita lilipoanza tulinyamaza, na mama mpishi wetu aliyekuwa akiondoa vyombo aliviweka tena mezani. Sauti ilikuwa na mkwaruzo wa mkanda mkuukuu, kama mvua nyembamba juu ya bati, na mkwaruzo huo ndio uliotushika moyo kuliko hata maneno. Kwa muda wa dakika chache tulikuwa tena watoto, tumechuchumaa nje ya nyumba ya mwalimu mkuu, tukisubiri redio ipate moto.

Vijana wetu wa leo wanaosoma ukurasa huu watuwie radhi, maana hatuna budi kuwaeleza redio ilikuwa kitu gani. Ilikuwa moja kwa nyumba saba au nane. Mwenye nayo alikuwa mtu mkubwa hata kama hakuwa na ng'ombe. Betri zilipochoka hazikutupwa, bali zilianikwa juani juu ya paa au juu ya jiwe, na jioni zilirudishwa, nazo ziliongea kwa nusu saa zaidi kwa sauti ya mgonjwa. Kwa sababu ya umaskini huo wa betri, redio haikuwashwa ovyo. Iliwashwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku, kwa matangazo ya vifo, kwa salamu, na kwa vipindi vichache ambavyo kijiji kizima kilivijua kwa siku na saa. Redio Tanzania Dar es Salaam, ambayo kabla ya mwaka 1965 iliitwa Tanganyika Broadcasting Corporation na leo twaijua kama TBC Taifa, ndiyo iliyokuwa shule yetu, gazeti letu na ukumbi wetu wa muziki.

Na muziki huo ulitengenezwa hapo hapo. Bendi zilikwenda studio za redio, zikapiga nyimbo zao, mafundi wakazinasa katika mikanda, na sisi wa milimani tukazipata hewani bila kulipa senti. Kiwanda cha kutengeneza sahani za santuri hapa nchini hakikuwapo, hivyo nyingi zilitoka Kenya, nazo zilikuwa mali ya wachache. Nyimbo nyingi tunazozisikiliza leo kwa simu zilihifadhiwa na mikanda ile ya redio, na nyingine na watu binafsi waliotunza kaseti zao chini ya vitanda huku wake zao wakiwauliza takataka zile zitatupwa lini.

Paroko msaidizi alishangaa kusikia kwamba bendi nyingi za enzi zile hazikuwa mali ya wanamuziki. Alidhani kila mwanamuziki ni mfanyabiashara. Tulimweleza kwamba NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadili jina nayo ilibadili: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, mpaka leo ni Msondo Ngoma. Kiwanda cha nguo cha Urafiki kilikuwa na Urafiki Jazz. Shirika la mabasi la Dar es Salaam lilikuwa na UDA Jazz, watu wa bima wakawa na Bima Lee, polisi wakawa na Polisi Jazz. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, Sikinde, ikaingia kushindana na wenzao wa Msondo. Mpiga gita alikuwa mwajiriwa, mwenye mshahara wake. Hata hapa kwetu Nyanda za Juu hatukuachwa nyuma: Iringa kulikuwa na kiwanda cha kukata almasi, Tancut, na katika miaka ya 1980 bendi yake, Tancut Almasi Orchestra, ilitikisa nchi ikiwa na mapacha wawili waimbaji wenye asili ya Kongo, Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Wazee wa Iringa mjini ukiwatajia jina hilo wananyoosha migongo.

Kuna jambo la kuchekesha hapa, nasi tulilisema mezani siku ile. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake Bungeni ya tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni, alisikitika kwamba Waafrika waliosoma walijua kucheza rumba na chachacha na twist, ilhali ngoma za kwao hawakuzijua. Alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini Salum Abdallah na bendi yake ya Cuban Marimba kule Morogoro walikuwa wameichukua hiyo hiyo rumba ya Kuba, wakaivisha Kiswahili, na watu wakaiona ni yao tangu mababu. Nadhani hata Mwalimu mwenyewe hakuona vibaya baadaye, maana mwaka 1970 Morogoro Jazz ya Mbaraka ilisafiri hadi Osaka, Japani, katika maonyesho makubwa ya dunia, kuiwakilisha Tanzania kwa magita.

Upande wa vichekesho mambo yalikuwa tofauti. Zanzibar walipata televisheni mapema, katika miaka ya 1970, lakini sisi wa Bara tulikaa bila kituo cha televisheni hadi mwaka 1994. Kwa hiyo mchekeshaji wetu hakuwa na uso. Pwagu na Pwaguzi, Mzee Jangala, hao wote tuliwajua kwa sauti tu, na kila mtoto aliwachorea sura yake mwenyewe. Kwetu sisi Pwagu alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye kofia ya pama, na hakuna aliyetuambia hivyo. Tulikuja kuona vichekesho vya macho tukiwa watu wazima. Ndiyo maana video za zamani za "Vitimbi" na "Vioja Mahakamani" kutoka Kenya, ambazo Wakenya wenzetu huzitazama kwa kumbukumbu, sisi tulizitazama kwa mara ya kwanza tukiwa na mvi, na Mzee Ojwang' alipokwisha kufariki, mwaka 2015. Kadhalika tulimtafuta Mzee Small, aliyefariki mwaka 2014, na King Majuto wa Tanga, aliyefariki Agosti 2018. Majuto alikuwa na kipaji ambacho wahubiri tungekihitaji: aliweza kukaa kimya mbele ya watu, asifanye lolote ila kutazama upande, na watu wakaelewa kila kitu.

Basi ndivyo jioni zetu zilivyojaa. Mwanzo ilikuwa wimbo mmoja baada ya chakula. Baadaye paroko msaidizi alikwenda kulala, nasi tukabaki. Tukanunua visikilizio vya masikioni ili tusimsumbue. Tulijiambia kwamba ni burudani halali, na kweli ni halali. Tulijiambia kwamba ni utafiti wa utamaduni, na hapo tulianza kudanganya kidogo. Saa nne ikawa saa tano, saa tano ikawa saa sita na nusu. Asubuhi kwenye Misa ya saa kumi na mbili tulikuwa tukisoma Injili huku "Zuwena" wa Marijani Rajabu akitembea nyuma ya macho yetu.

Sasa hatuna budi kumzungumzia mzee mmoja, ambaye hatutamtaja kwa jina.

Mzee huyu alikuja Mgololo kujitafutia kazi kiwanda kilipokuwa kikijengwa, na kilipoanza uzalishaji mwaka 1985 alikuwa miongoni mwa waliosimama kwenye mashine. Alitoka mbali, upande wa Ziwa, kama walivyotoka mbali wengi wa waanzilishi wa mji huu. Mtu akitaka kujua Mgololo ilivyokuwa wakati ule asiulize juu ya karatasi tu, aulize juu ya kaseti. Kila aliyeshuka kwenye treni alikuja na kaseti za kwao: wa Tabora na Tabora Jazz yake, wa Tanga na Atomic yake, wa Morogoro na Mbaraka wake, na kila mmoja aliapa kwamba za mwenziwe si muziki. Mzee alituambia kwamba waliazimana kaseti kabla hawajaazimana chumvi, na kwamba yeye alijifunza kuishi na watu wa makabila mengine kwa kugombana nao kuhusu nani mkubwa, Gurumo au Marijani. Yeye alikuwa mtu wa Marijani, Jabali la Muziki, tangu Safari Trippers hadi Dar International, na hakukubali mjadala.

Kiwanda kilipokuja kusimama wengi waliondoka. Yeye alibaki, akaoa mjane wa hapa, Mbena, akalima mahindi na kupanda miti yake ya misindano, na kiwanda kilipofufuliwa kwa jina la Mufindi Paper Mills alikuwa amekwisha kuzeeka. Kwenye Jumuiya yake alikuwa mtunza daftari. Aliwahi kutuuliza baada ya Misa, kwa sauti ya chini, kama ni dhambi kwamba usiku akikosa usingizi hasali rozari bali anaimba nyimbo za Marijani kimoyomoyo. Tulimjibu kwa kumwuliza ni nyimbo zipi. Alizitaja tatu, nasi tukamalizia ya nne, akacheka mpaka akashika nguzo ya kanisa. Tangu siku ile kila alipotusalimu baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" alinong'ona jina la wimbo mmoja, kama nenosiri la walinzi.

Mwaka jana, wakati wa mvua, aliugua mapafu. Tulimpelekea Komunyo mara mbili. Mara ya pili alituambia, "Baba Paroko, mambo yakiwa mabaya binti yangu atakupigia. Usichelewe, mimi bado nina deni la maungamo." Tuliahidi.

Usiku wenyewe ulikuwa wa Alhamisi. Tulikuwa kitini, visikilizio masikioni, tunamtazama King Majuto, na tulikuwa tumefika pale ambapo mtu anacheka peke yake chumbani mpaka machozi yanatoka. Simu ikakatiza picha kwa mlio. Ilikuwa namba tusiyoifahamu. Tuliibonyeza pembeni, ikanyamaza, tukijiambia tutapiga baadaye, na Majuto akaendelea pale alipoishia. Baada ya kichekesho kile kikaja kingine chenyewe, bila sisi kukiomba, na baada yake kingine tena, kisha wimbo. Kwa kadiri tulivyohesabu baadaye kwenye kumbukumbu za simu, zilipita dakika arobaini na mbili. Tulipokuja kutazama, palikuwa na ujumbe mara mbili kutoka namba ile ile: tafadhali nipigie. Ninyi nyote mnajua ujumbe ule maana yake nini. Aliyekuwa na salio la kupiga mara moja tu alilitumia kwetu, nasi tukalizima kwa kidole gumba.

Tulipiga. Binti alipokea, akasema tu, "Baba, njoo." Paroko msaidizi aliwasha pikipiki. Ni mwendo wa kilomita kumi na kitu katikati ya misindano, na mvua ilikuwa imeigeuza njia kuwa uji. Tulianguka mara moja, hatukuumia. Mafuta matakatifu tulikuwa tumeyafunga kifuani chini ya koti.

Kanuni ya 1005 ya Sheria za Kanisa inaelekeza kwamba pakiwa na shaka kama mgonjwa amekwisha kufa, apewe Mpako. Hapakuwa na shaka. Mkewe alikuwa amekwisha kumfunga kidevu kwa kitambaa cheupe. Jirani zake wa Jumuiya walikuwa wamesali rozari naye hadi mwisho, na mwenyekiti wao alikuwa amemwongoza katika tendo la kutubu, neno kwa neno, kwa kuwa yeye mwenyewe hakuweza tena kulisema lote. Tuliendesha sala za marehemu. Sauti yetu ilikuwa kama betri iliyoanikwa.

Wapendwa, tunajua huruma ya Mungu haina mipaka ya mtandao wala ya barabara, na mtu aliyetubu kwa moyo wake wote hakuachwa yatima kwa sababu padre wake alikuwa akicheka. Tunaifundisha imani hiyo na tunaiamini. Lakini mzee yule alikuwa na deni la maungamo, alilisema, na alimwomba mtu mmoja amsaidie kulilipa.

Binti hakuuliza kwa nini tulichelewa. Alidhani ni mvua. Usiku ule tuliruhusu adhani hivyo, na jambo hilo lilitusumbua kuliko hata zile dakika arobaini na mbili. Tulikwenda kuungama kwa padre mwenzetu wa parokia ya mbali, ambaye ni mtu wa maneno machache. Alituuliza swali moja tu: simu ilikuwa mezani au mkononi? Tulisema mkononi. Akatupa malipizi, na juu yake akatuagiza turudi kwa familia tukaseme kweli. Tulirudi siku ya kumaliza matanga. Mjane alitusikiliza hadi mwisho, akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwa Kibena maneno machache ambayo binti yake alisita kututafsiria. Hatimaye alitafsiri: "Anasema, mumewe naye chakula kiliungua mara nyingi kwa sababu ya huyo Marijani." Kisha mama akatupa mkono. Hatukujua kama tucheke au tulie, tukafanya yote mawili kwa utaratibu.

Tangu hapo wapo waliotushauri tuifute kabisa ile programu katika simu na tuwahubirie watu kwamba mitandao ni ya shetani. Tungependa jambo liwe jepesi hivyo. Lakini tukisema nyimbo ndizo zenye kosa tutakuwa tumemsingizia Marijani, aliyefariki mwaka 1995 na hawezi kujitetea, na Mbaraka, aliyefia katika ajali ya gari Mombasa mwezi Januari 1979, kama vile Salum Abdallah alivyokwisha kumtangulia kwa ajali mwaka 1965. Wala Majuto hakutufunga kamba kwenye kiti. Tumejaribu kupima ni nini hasa kilichobadilika, maana watu wale wale na nyimbo zile zile tulizisikia utotoni na hazikutuzuia kumsikia anayebisha hodi.

Jibu tulilolipata ni la kawaida sana. Kipindi cha redio kilikuwa kinakwisha. Mtangazaji alikuaga, betri ilizimwa kwa uchumi, ukabaki usiku, na katika usiku huo ulisikia mbwa, mtoto, jirani. Mtambo wa leo hauagi. Umetengenezwa kwa makusudi usiwe na mlango wa kutokea: kabla kicheko hakijakauka umekwisha kukuwekea kingine. Na pili, redio ile ilikuwa ya watu nane. Mmoja wao alikuwa lazima atambue kwamba mlangoni pana mtu. Sisi tulikuwa tumeziba masikio yetu wenyewe, yote mawili, kwa vifaa tulivyovinunua Mafinga kwa hiari yetu, na tukakaa peke yetu na wafu tukicheka.

Katika kufikiri huko ndipo tulipokumbuka kipindi kingine cha Redio Tanzania, ambacho wenzetu wa rika letu watakikumbuka mara moja: "Ugua Pole". Kilikuwa kipindi cha wagonjwa. Salamu zilikwenda kwa waliolazwa, majina yakasomwa, na wimbo ukapigwa kwa ajili yao. Mama yetu mzazi alikuwa akisimamisha pilikapilika zote kukisikiliza, ingawa hakuwa na mgonjwa hospitalini. Kila jina liliposomwa aliitikia "pole, mwanangu," kana kwamba mtu yule angemsikia. Nyimbo zile zile, rumba zile zile, zilikuwa zikitumwa kitandani kwa mgonjwa. Nasi, tuliopewa daraja la kuwaendea wagonjwa, tulizitumia kumkwepa mmoja.

Tulilipeleka jambo hili kwenye Halmashauri ya Parokia, na tukapendekeza kwamba Ijumaa ya kwanza ya mwezi, tunapowapelekea wagonjwa Komunyo, tuchukue pia nyimbo za zamani kwa wale watakaozitaka. Mjadala haukuwa mtulivu. Mama mmoja wa WAWATA, tunayemheshimu sana, alisema waziwazi kwamba Ekaristi na rumba haviwezi kupanda pikipiki moja. Tulikubaliana naye nusu. Ikaamuliwa kwamba Sakramenti hutangulia, sala ya shukrani husaliwa kwa ukimya wake, na yule aliyebeba Ekaristi huendelea na safari kwa nyumba inayofuata. Anayebaki na mgonjwa kwa ajili ya muziki ni mtu mwingine, kijana wa VIWAWA au mwanakwaya, mwenye simu na spika ndogo. Mama yule bado hajaridhika, na ni haki yake. Tulimwomba tu atuambie wimbo aliochezea siku ya harusi yake. Alikataa kusema, lakini alitabasamu.

Kuhusu uchaguzi wa nyimbo tumewaachia wagonjwa wenyewe, nao wametushangaza. Tulidhani watataka za majonzi. Mzee mmoja mwenye saratani alitaka "Kifo" ya Remmy Ongala, wimbo ambao msanii huyo anagombana na kifo uso kwa uso, nasi tulisita. Alisisitiza, akausikiliza mara mbili, akasema kwamba kwa miezi mitatu hakuna aliyethubutu kulitaja neno hilo mbele yake. Tulimweleza kwamba Remmy mwenyewe, kabla ya kufariki Desemba 2010, alikuwa amegeukia muziki wa Injili. Alisema hilo halikumshangaza hata kidogo. Siku ile aliomba Kitubio.

Kwa upande wetu, simu hulala jikoni ikiwa na sauti, juu ya kabati la vyombo, kuanzia saa tatu usiku. Muziki twausikiliza siku ya Jumapili jioni sebuleni, kwa spika, wote watatu pamoja na mama mpishi, na saa ikifika paroko msaidizi anasimama na kutuaga kwa sauti ya mtangazaji wa zamani. Ameijifunza vizuri mno.

Ijumaa ya kwanza ya mwezi uliopita tulifika kwa bibi mmoja katika kigango chetu cha bondeni, mwenye umri unaopita miaka 80, aliyevunjika nyonga na ambaye hatatembea tena. Siku ile kijana wa muziki alikuwa na mtihani, na nyumba ya bibi ilikuwa ya mwisho kwa Komunyo, hivyo baada ya ukimya wa shukrani paroko msaidizi alijitolea kubaki. Bibi hakutaka wimbo. Alitaka Pwagu na Pwaguzi. Kijana alitoa simu, akatoka nje, akapanda kichuguu, akainyoosha mkono juu. Bondeni kule mtandao haushiki. Alirudi kumwomba msamaha. Bibi akamwambia, "Kaa chini, mjukuu wangu." Akajivuta kidogo juu ya mto, akasafisha koo, akaanza mwenyewe: sauti moja nzito ya Pwagu, sauti nyingine ya Pwaguzi, wakigombea fedha ya mtu wa tatu ambaye wote wawili walikuwa wamekwisha kumwibia. Alisahau mwisho, akaubuni. Paroko msaidizi, ambaye hakupata kusikia hata dakika moja ya kipindi kile maishani mwake, alicheka mpaka akaketi sakafuni, na watoto wa jirani wakaja kujazana mlangoni kutazama padre amepatwa na nini. Bibi alipochoka tulimpa maji. Akatuuliza kama Ijumaa ya mwezi ujao tutakuja mapema zaidi, kwa sababu sehemu ya pili ni ndefu.